Picha za Bonde Letu, Kiangazi na Masika

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo nikaiweka kalamu chini, kama vile ungeweza kuniitikia kutoka huko uliko. Mama ananiangalia kutoka mlangoni. Anajua ninamwandikia nani.

Barua hii siifungi kwenye bahasha. Nitampa mwalimu wa misheni aisome mbele ya wote waliohamishwa pamoja nawe kutoka bondeni, kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia linawahusu nao, na wamekuwa wakinisalimu kwa heshima miaka hii yote bila kulijua vizuri.

Unakumbuka siku niliyokuja na kamera mara ya kwanza? Ilikuwa mwisho wa kiangazi, miaka michache kabla ya vita vya pili. Nilishuka kwenye lori la serikali pale barabara ya Sikonge inapokatana na njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu aliipita akiwa mpagazi, pembe ya ndovu begani, kwenda pwani na kurudi. Nilikuwa na kaptula mpya ya kaki na sanduku la mbao kichwani. Uliniona kutoka mbali ukaanza kucheka kabla sijafika.

"Babu yako alibeba mzigo wa Mwarabu," ulisema, "na wewe unabeba wa Mzungu. Una nini ndani?"

"Picha, baba."

"Picha ndiyo nzito hivyo?"

Nilikufungulia. Ukaviona vile vioo vyembamba vilivyopangwa kama mikate, na kamera yenye miguu mitatu, na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Ukajifunika, ukatazama, ukatoka haraka. "Bonde limepinduka," ulisema. "Miti inaning'inia juu chini." Halafu ukarudi tena ndani ya kitambaa, na safari hiyo ulikaa mpaka Bwana niliyekuja naye akakohoa.

Huyo ni yule tuliyemwita Bwana Miwani. Ndiye aliyenifundisha kazi ya kupiga na kusafisha picha kule Tabora. Alitaka bonde letu lipigwe picha mara nne kila mwaka, mahali palepale, kutoka juu ya jiwe lilelile, ili ajue miti inapukutisha majani lini na inachipua lini. Tena alitaka mtu asimame katikati ya picha akishika fimbo iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi, ili urefu wa nyasi na vichaka upimwe. Akaniambia nitafute mtu asiyechoka kusimama.

"Mimi hapa," ulisema, na ukaichukua fimbo kabla sijafasiri.

Uliniuliza jioni ile tukila: "Kwa nini serikali inataka picha za miti?"

"Wanataka kujua majira, baba."

"Wangeniuliza mimi."

Nilicheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa, baba. Wewe mrina asali uliyajua majira kuliko kalenda ya ofisini. Kila ilipofika siku ya picha ulikuwa umekwisha kufika jiweni kunisubiri, na kila mara ulikuwa na jambo la kunionyesha. Ile mara ya kwanza miyombo ilikuwa imevaa majani mapya mekundu, na hakuna hata tone la mvua lililokuwa limeanguka. Uliniambia miyombo haingoji mvua, inaitangulia, na kwamba nyuki husikia harufu ya majani yale wakaanza kurudi mizingani. Ulinionyesha mninga uliokuwa umechanua maua ya manjano. Nilikuambia picha yangu haina rangi, kila kitu hutoka cheusi na cheupe. Ulisikitika kweli. "Basi Bwana wako ataona nini?"

Masika nilikuja nikiwa nimelowa mpaka ndani ya viatu. Nyasi zilikuwa zimekufika kifuani, alama za chini za fimbo hazionekani, na ulikuwa ukipiga kelele kutoka mle: "Elia! Unaniona?" Nikajibu nakuona. Ukapiga kelele tena, "Unaniona?" kwa sababu ulipenda kulisikia jibu. Mvua ilipokwisha nyasi zikawa manjano zikalala, ukanipokea na sega la asali juu ya kipande cha gome, mikono yako ikinuka moshi. Na kiangazi kilipokaza, moto ulikuwa umepita, ardhi nyeusi tii, miti mitupu, na wewe umesimama peke yako katikati ya weusi ule na shati lako jeupe la kanisani. Ulikuwa umelivaa makusudi. Ulisema katika picha iliyopita hukuonekana vizuri.

Siku hiyohiyo ndipo uliponipeleka kule chini, penye chemchemi. Ulitaka kunionyesha mahali unapopaona ni pazuri kuliko pote. Miti ya pale haikuwa imepukutika hata kidogo. Kulikuwa na ubaridi kama ndani ya nyumba. "Hapa kivuli hakiishi," ulisema. "Mwaka mzima. Ng'ombe hatuwaleti kwa sababu ya mbung'o, lakini nyuki wanapapenda, na mimi napapenda."

Hakuna aliyeniagiza kupiga picha pale, baba. Nilipiga kwa sababu ulikuwa umefurahi. Niliporudi Tabora nikaisafisha, ikatoka nzuri kuliko zote, na nyuma yake nikaandika kwa penseli: *Penye chemchemi. Kivuli mwaka mzima. Mbung'o wapo.* Nikaiweka pamoja na nyingine juu ya meza ya Bwana Miwani. Nilitaka anisifu, naye akanisifu.

Tulifanya hivyo miaka miwili. Ulipofika mwaka wa pili nilivipanga vile vioo dirishani, kiangazi karibu na kiangazi, masika karibu na masika, nivilinganishe. Miti ilikuwa ileile. Ilipukutika, ikachipua, ikarudi kama ilivyokuwa, hata matawi ungeweza kuyahesabu. Ni wewe tu uliyebadilika. Katika picha ya kwanza ulikuwa umeishika fimbo mbali na mwili, kama askari. Katika ya mwisho ulikuwa umeiegemea. Nilivitazama sana vile vioo siku ile. Niliona kwamba miti inazunguka na kurudi, lakini wewe ulikuwa unakwenda upande mmoja tu. Nikasema moyoni kwamba safari ijayo nitasogeza kamera karibu, nikupige uso. Sikufanya. Vioo vilikuwa vya serikali, na nilihofia kuulizwa kimoja kimekwenda wapi.

Ni katika siku hizohizo kerani mmoja wa ofisini aliniambia, akiwa anafungafunga majalada, kwamba bonde letu liko kwenye orodha. Nilimwuliza orodha gani. Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja analijua: ugonjwa wa malale unaletwa na mbung'o, mbung'o hukaa penye kivuli, na watu wanaokaa karibu na kivuli cha mwaka mzima watahamishiwa mahali palipofyekwa, wakae pamoja kwa mistari. Picha zilikuwa za kuonyesha kivuli kiko wapi.

Nililijua hilo masika nzima kabla ya baraza, baba. Hili ndilo jambo ambalo sijamwambia mtu ila mama. Nilikuja mara moja katikati yake. Ulisimama ndani ya nyasi, ukapiga kelele, nikakujibu nakuona. Tulikula pamoja. Uliniuliza, "Bwana anasema nini juu ya picha zetu?" Nikasema anazipenda. Mama akaniongezea ugali. Ningeweza kusema wakati ule, na ungekuwa na miezi ya kwenda kwa mtemi, kukusanya wazee, kutafuta maneno. Nililala nikaamka, nikapanda lori.

Halafu likaja baraza. Watu walikaa chini mbele ya nyumba ya mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, Bwana Miwani na Bwana Shauri wa wilaya mezani, na picha zangu zimepangwa juu ya meza, zikizuiwa na vijiwe zisipeperushwe. Mimi nilisimama nyuma yao na kaptula yangu ya kaki. Bwana Shauri alisema kwamba Petro, mjomba wangu, amekufa kwa malale, na kwamba serikali haitangoja wafe wengine. Aliinua picha ya chemchemi akawaonyesha watu.

Uliinuka. Uliivua kofia yako.

"Bwana, Petro hakuugulia hapa," ulisema. "Alikwenda mto Ugala kuvua samaki, akakaa huko mwezi mzima, akarudi anaumwa kichwa. Hapa bondeni tumeishi na kivuli hicho tangu baba yangu alipotua mzigo wa msafara, na hatujazika mtu wa malale kabla yake. Simwombi Bwana aniamini mimi, mimi ni mtu wa porini. Lakini mwanangu yule pale alikuwa Ugala pamoja na Petro. Picha hizo kazipiga yeye. Mwulizeni."

Wote wakageuka. Mama alikuwa upande wa wanawake, nilimwona ameinua kichwa. Bwana Shauri akanitazama juu ya bega lake: "Ni kweli? Ulikuwa naye?"

Ilikuwa kweli. Nilikuwa likizoni. Mimi ndiye niliyemshika Petro mkono tulipovuka matope ya Ugala, yeye akilalamika kwamba shingo imevimba pale alipoumwa na mbung'o. Nililijua lile neno lote, lilikuwa tayari kinywani. Nikamwona Bwana Miwani ananitazama, uso wake hauna hasira, unasubiri tu. Alikuwa ameniahidi kwamba mwaka utakaofuata nitakuwa mpiga picha kamili, si msaidizi.

Nikasema: "Mimi napiga picha tu, Bwana. Mambo ya magonjwa siyajui."

Uliendelea kusimama kidogo, kama mtu aliyesikia jina la mtu mwingine likiitwa. Halafu ukavaa kofia ukakaa.

Nilikufuata baadaye nyumbani, nikitafuta namna ya kuanza. Ulikuwa unachonga kizibo cha mzinga. Hukuniachia nafasi. "Umejibu vizuri," ulisema bila kuinua macho. "Mtu asiyejua aseme hajui." Mpaka leo sijafahamu kama ulikuwa unanihukumu au unanifichia aibu mbele ya mama. Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Siku nyingine nayasikia ni makali, siku nyingine nasikia unanifunika kama ulivyokuwa ukinifunika nikiwa mdogo.

Siku ya kuhama nililetwa tena, kupiga picha ya mwisho. Watu walikuwa wamejipanga njiani na mitungi na kuku na mikeka, lori limechukua wazee na wagonjwa. Niliweka kamera juu ya jiwe. Sikukuita. Nilimwambia Bwana kwamba safari hii mtu wa fimbo hahitajiki. Lakini ulituona. Ulitua mzigo wako, ukamwambia mama asubiri, ukaja ukaitoa fimbo ndani ya lori wewe mwenyewe, ukashuka mpaka mahali pako. Nyasi zilikuwa bado fupi. Ulisimama wima kama mara ya kwanza.

"Piga, mwanangu," ulisema. "Usiwacheleweshe watu."

Nilijifunika kitambaa. Ndani ya kitambaa hakuna anayemwona mtu, baba, ndiyo faida yake. Nililia humo, nikapiga, nikatoka nimefuta uso. Nyuma yako askari walikuwa wameanza kuchoma nyumba ili watu wasirudi, na moshi umeingia pembeni mwa picha.

Huko mlikohamishiwa kulikuwa kweupe. Waliofyeka walifyeka kila kitu. Nyumba zilikuwa kwenye mistari, kisima kimefunikwa vizuri, na daktari alikuja kila wiki. Sitasema uongo: watoto wengi wamekulia pale wakiwa na afya, na sijui hata leo kama wale mabwana walikosea. Huenda wangetuhamisha hata kama ningesema. Lakini wewe hukuniomba nishinde baraza. Uliniomba niseme nilichokiona kwa macho yangu.

Mara ya kwanza nilipokutembelea ulikuwa umekaa mlangoni, mikono magotini. Mizinga yako ilibaki porini, na cheti cha kuingia msituni kilitolewa kwa vijana wenye nguvu. Tulisalimiana. Ukaniuliza, "Sasa ni mwezi gani?"

Nikakutajia.

"Nilifikiri hivyo," ulisema, "lakini hapa hakuna kitu cha kunithibitishia." Kisha: "Zile picha zetu, unazo? Niletee nizione. Nijue mninga umefika wapi."

Nikasema ni mali ya serikali. Nikaona uso wako, nikasema nitajaribu.

Na ningeweza, baba. Ningeweza kuzichapisha upya Jumamosi moja tu, karatasi zilizobaki zilikuwa nyingi katika chumba cha giza. Kilichonizuia hakikuwa serikali. Nilijua kwamba ukizishika mkononi utafika kwenye ile ya chemchemi, utaigeuza, na utamwomba mtu akusomee maandishi yangu ya nyuma. Nilisahau, au nilijifanya kusahau, kwamba picha mpya haina maandishi nyuma. Nikaahirisha likizo. Nikaahirisha tena. Wakati huo nilikuwa mpiga picha kamili.

Nilipozileta hatimaye, zote, katika bahasha kubwa, nilikutana na watu wanarudi kutoka makaburini. Hakuna aliyekuwa amepata nafasi ya kunipelekea habari. Ulikuwa umeugua siku tatu tu, kifua. Mama alinipokea bahasha. Kesho yake asubuhi alitandika mkeka uani akazipanga picha chini, moja moja, akianzia majani mapya, akaendelea mpaka ardhi nyeusi. Sikumsaidia. Hajui kusoma, lakini hakukosea hata moja.

"Hapa alikuwa ametoka kutundika mizinga ya juu," alisema. "Hapa alikuwa anaumwa mguu, alinikataza nisikuambie. Hapa shati nililifua usiku wake." Alipofika kwenye ile ya moshi aliiacha mkononi. "Hii alisema usije ukaiona vibaya. Alisema alisimama ili usiwe peke yako."

Nikamwambia mama kila kitu hapohapo, kuhusu kerani, kuhusu masika ile, kuhusu Ugala. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaani, wala hakusema haidhuru. Alikusanya picha akazifunga katika kanga, akaniambia niende nikawasaidie wanaume kujenga ukingo wa kaburi.

Miaka imepita tangu wakati huo. Vita vilikuja vikaisha, Bwana Miwani alirudi kwao, na nywele zangu sasa zina rangi ya zako katika picha za mwisho. Kiangazi kilichopita ofisi ilinituma kwenye bonde moja upande wa Kigwa, si mbali na reli. Kazi ni ileile: jiwe, fimbo, mara nne kwa mwaka. Mwenyeji aliyejitolea kusimama ni mzee mmoja mwenye mizinga, mchangamfu, aliniuliza picha hizi ni za nini.

Niliikunja miguu ya kamera. Nikamwomba aniitie wazee wenzake na wake zao, na walipokusanyika niliwaambia. Niliwaambia kivuli maana yake nini ofisini. Niliwaambia malale ni ugonjwa wa kweli na wasiudharau, ila wajiandae, waandike majina ya wagonjwa wao na mahali walipougulia, waende kwa mtemi sasa na si siku ya baraza, na kama watahitaji mtu wa kusema, niko tayari kusimama nao. Habari zilinitangulia Tabora. Niliachishwa kazi kabla sijatua sanduku. Sasa nina kibanda karibu na soko, napiga picha za maharusi na za watoto wa ubatizo. Usinisifu kwa hilo, baba. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kazini, na sikuwa na mengi ya kupoteza. Siku niliyokuwa na cha kupoteza nilinyamaza.

Sijui watafanywa nini wale wa Kigwa. Mtemi wao amekwenda kwa Bwana Shauri mara mbili, hakuna jibu bado. Ila siku ile nilipomaliza kusema, watu walitazamana, na nikaanza kufikiri kwamba nimewatia hofu tu. Ndipo mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa nyuma akaniuliza, "Na wewe unayetuambia haya, ni mtoto wa nani?"

Nikajibu kwa sauti, ili wa nyuma wasikie: "Mimi ni Elia, mtoto wa Mihambo mrina asali, wa bonde la Sikonge, ambaye nilikuwa Ugala na shemeji yake, na nilipoulizwa nikasema sijui."

Pumzika, baba. Mama anakusalimu, na mimi nakuinamia.

Ni mimi mwanao,
niliyekuwa na jibu.